Nilifuta Jina la Kuluthum, na Sasa Darasa Zima Linakwenda Mwambani

Kwako Bi Zubeida wa safu ya Ukumbini,

Shikamoo. Naomba nafasi kidogo ukumbini kwako, na naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu jambo hili sijapata kumwambia mtu yeyote, si mama, si nyanya, wala sijalitamka peke yangu kwa sauti: programu ya kompyuta ambayo shule nzima inanisifia, sehemu yake iliyo ngumu sikuiandika mimi.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Likoni, na mimi ni mtu wa vitabu zaidi ya maneno, mwalimu akiniuliza swali namjibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii vizuri, lakini mwaka jana shule yetu ilipopewa kompyuta mbili, moja ikawekwa katika chumba cha ramani na nyingine ofisini, nilipata kitu ambacho hakinitaki niseme. Ile ya chumba cha ramani ina namna mpya ya kutunga programu, ambapo huanzi kwa kuandika mistari, unaanza kwa kuchora, unachukua kipanya ukachora dirisha, ukachora kitufe juu ya dirisha, kisha ndipo unaandika nyuma ya kitufe kwamba kikibonyezwa kifanye nini. Dirisha jipya huja likiwa tupu, la kijivu, lenye vitone vidogo vilivyojipanga pote, na mara ya kwanza nilipoliona nilifikiri naona mchanga wa pwani maji yakiwa yamekupwa, ule ulioachwa laini wenye matundu ya kaa, nikakaa nalitazama mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo naliota, Bi Zubeida, naota natembea juu ya mchanga wa vitone usio na mwisho, nabonyeza kitufe, na bahari inaondoka polepole bila kelele kama mtu anayetoka chumbani asiwaamshe waliolala.

Kuluthum ndiye mwandani wangu. Tulisoma pamoja tangu chuo cha Kurani kwa maalimu, lakini tangu mwaka jana wao wamehamia Kisauni, na huko ami yake ana kompyuta dukani, basi tukawa tunapelekeana disketi kwa mkono wa baba yake ambaye huja huku na feri kila Jumanne. Babu yake alifanya kazi ya kupima kina cha maji bandarini kwa miaka mingi, na ana daftari lenye jalada jekundu ambamo ameandika kila siku ya mwezi mwandamo na saa ambayo maji hukupwa, siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa mno, na siku za maji mafu, yanaposogea kidogo tu, zote. Kuluthum alilichukua daftari lile akaligeuza kuwa maktaba. Maktaba, kwa lugha ya kompyuta, ni fungu la hesabu ambalo mtu amekwisha kuliandika, ili programu ya mtu mwingine iweze kuliita likaifanyia kazi, na mimi nikachora madirisha ya kuliita, unaandika tarehe, unabonyeza, unaambiwa saa ya maji kupwa. Siku tuliyoanza aliniambia, "Wewe chora nyumba, mimi nitachimba kisima," nami nilicheka kwa sababu nyumba yangu ilikuwa na kitufe kimoja tu.

Sasa shida yangu, na nitaieleza kama nilivyoielewa. Kuna njia tatu za kuiunganisha programu na maktaba ya mtu. Unaweza kuiambia programu tangu mwanzo kwamba maktaba ipo mahali fulani, katika diski hii, katika folda hii, nayo itaikagua hata kabla ya kufunguka, na kazi huenda mbio na makosa huonekana mapema, lakini siku ikifika mahali pale isiikute, programu nzima hukataa kufunguka. Unaweza pia kungoja, usiseme lolote mwanzoni, mpaka mtu abonyeze kitufe ndipo uiite maktaba kwa jina lake, na ikiwapo huitika, na isipokuwapo unayo nafasi ya kumwambia mtu kistaarabu kwamba haipo, ingawa kazi huwa ya polepole kidogo. Na unaweza kuyanakili maandishi yote ya maktaba ukayaingiza ndani ya programu yako yakawa kitu kimoja, usimtegemee mtu.

Mimi nilianza na ile njia ya mahali fulani. Mwalimu Gona anayetufundisha Jiografia alisikia habari za programu yangu, akaniita.

"Abee, mwalimu."

"Hebu ilete ofisini tuione, kule kuna mashine ya kuchapia. Waite na wenzako waje waone."

Wakaja wasichana kumi na mmoja, wakasimama nyuma yangu, nikatia disketi, na kompyuta ya ofisini ikaandika kwamba haiwezi kufungua, kwa kuwa maktaba ya Kuluthum nilikuwa nimeiacha katika kompyuta ya chumba cha ramani. Nikajaribu tena. Ikakataa tena. Nyuma yangu mmoja akasema, "Profesa wa maji, maji yamekukauka?" na mwingine akasema, "Mpeni muda, labda bado yanakupwa," wakacheka, na Mwalimu Gona mwenyewe akacheka kidogo, si kwa ubaya, nami nikahisi masikio yangu yanawaka moto.

Jioni ile nikayanakili maandishi yote ya Kuluthum ndani ya programu yangu. Juu kabisa palikuwa na mistari miwili yenye jina lake na la babu yake, nikaifuta. Kisha, kwa kuwa mtu akianza hujui atakomea wapi, nikabadilisha na majina ya ndani ili kusijulikane kwamba ni mkono wa mtu mwingine, palipoandikwa mwezi nikaandika nazi, palipoandikwa siku nikaandika bamia, palipoandikwa maji nikaandika mhogo, kwa sababu nilikuwa na njaa na hayo ndiyo yaliyonijia. Kesho yake programu ikafunguka ofisini bila shida, mashine ya kuchapia ikalia ikatoa karatasi ya mwezi mzima, na Mwalimu Gona akauliza, "Hesabu hii yote umeiandika mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kujibu swali kwa sauti ya kusikika.

Wakanipigia makofi gwarideni. Kwa wiki mbili nilitembea kama ninayeelea, napita madirishani nikijiona kwenye vioo, hata mwezi wenyewe nikiutazama jioni nauona kama kitu changu.

Jumanne iliyopita Kuluthum ameniletea disketi mpya na barua, naandika hapa maneno yake: "Mwandani, nimekosea na babu amenicheka mpaka akakohoa. Alishika karatasi yangu akasema, mwezi umeandama Alhamisi magharibi, basi mosi ni usiku ule na Ijumaa yake, mbona nyie mwaipa mosi Alhamisi tangu asubuhi, mwezi wenyewe haujazaliwa? Mimi niliifuata tarehe ya kompyuta, inayobadilika usiku wa manane, nikasahau kwamba siku yetu huanza jua likitua. Kwa hivyo mchana wote wa maktaba yangu umekwenda siku moja mbele, na saa ya kupwa inachelewa kama dakika hamsini. Nimeirekebisha. Wewe weka faili hili mahali pa lile la zamani basi, programu yako itaita kama kawaida, huna haja ya kugusa kitu. Ukifungua utaona na kidirisha kidogo chenye majina yetu, langu na la babu, amefurahi kama mtoto."

Lakini programu yangu haiiti tena, Bi Zubeida, ilikwisha kumeza. Nimejaribu kurekebisha mwenyewe, nikatoa siku moja katika bamia, na sasa kila mwanzo wa mwezi inaniandikia "mwezi sifuri", siku ambayo haipo duniani, na nikiirudisha ile siku kosa linarudi. Nikiiweka maktaba mpya, kidirisha kitafunguka ofisini mbele ya watu chenye jina la Kuluthum, na wote watajua. Nikinyamaza, karatasi zitaendelea kutoka na kosa. Tafadhali niambie, kati ya njia hizi tatu ipi ni bora, na je, kuna njia ya kuitumia maktaba mpya bila kile kidirisha kuonekana?

Nilisahau kusema kwamba Jumamosi, wiki mbili na nusu kutoka leo, Mwalimu Gona anawapeleka kidato cha kwanza mwambani kutazama matumbawe, wanafunzi thelathini na wanne, wengi wao ni wa wazazi waliotoka bara, na hawajui kuogelea, na ameipanga safari kwa karatasi yangu. Karatasi inasema maji yatakupwa saa tano na dakika hamsini. Watavuka mkondo, yale maji yaliyo kati ya pwani na mwamba, saa tano na robo na kurudi saa saba.

Wako mwenye wasiwasi,
Msichana wa Likoni

BI ZUBEIDA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia kurasa nne. Watoto thelathini na wanne, wengi wao wasiojua kuogelea, wamekuja kuonekana ukurasa wa nne, baada ya nazi na bamia, na umewaanzia kwa "nilisahau kusema". Hukusahau. Uliwaweka mwisho kwa sababu ndio waliokukosesha usingizi, nami nilipofika pale niliweka kikombe changu chini, sikukinywa tena mpaka kikapoa.

Ungetaja shule yako ningekuwa nimepiga simu siku ile ile. Hukuitaja. Kwa hivyo nimemwomba mhariri aondoe barua ya bwana anayelalamikia mashemeji zake, yeye mashemeji hawakimbii, ili yako itoke wiki hii. Ukiisoma hapa, ifunge, simama, umtafute Mwalimu Gona. Ikiwa ni siku ya mapumziko, nenda kwake. Mwambie hivi: "Mwalimu, saa iliyo kwenye karatasi si sahihi, maji yatakupwa saa tano." Hayo tu, kwanza. Huhitaji ujasiri wa kukiri yote kwa pumzi moja, wahitaji pumzi ya sentensi moja. Akiuliza umejuaje, mweleze. Wewe ulikwisha kugundua kwamba sauti unayo, ukaitumia kusema uongo. Itumie tena.

Sasa hiyo kompyuta yako. Mimi nayajua madirisha ya kufungua asubuhi na kufunga mbu wakija, basi niliipeleka barua kwa Mwikali, ambaye ndiye anayepanga kurasa za gazeti hili kwa kompyuta. Akaisoma amesimama.

"Huyu ameezua paa la mwenziwe akaezekea kwake," akasema. "Sasa mwenziwe amebadilisha makuti mabovu, yeye bado anavujiwa."

"Basi kunakili ni haramu?"

"Ah, Bi Zubeida, nani kasema? Mimi nanakili kila siku. Ukinakili, uandike ni ya nani, na ujue kwamba mwenyewe akirekebisha kwake, kwako hakutarekebishika mpaka ukanakili tena. Huyu kafuta jina, kisha kaugeuza mwezi nazi! Hata yeye hawezi kuurudisha sasa."

"Na ile ya kutaja mahali?"

"Nzuri kwa mashine moja ambayo haihami. Yeye anatembea na disketi kutoka chumba hiki hadi kile. Mwambie aiite kwa jina, wakati wa kubonyeza. Aibebe maktaba katika disketi hiyo hiyo. Aiulize kwanza kama ni ile iliyorekebishwa. Na isipoitika au ikiwa ni ya zamani," hapo Mwikali akagonga meza kwa kidole, "isichape saa yoyote. Iandike 'maktaba haipo' na inyamaze."

Nikamwambia mbona watoto watamcheka tena. Akanijibu, "Wacheke. Karatasi tupu haijamzamisha mtu."

Nami nasema hivyo hivyo. Wewe ulichekwa mara moja na wasichana kumi na mmoja, na kwa kicheko hicho ukachagua njia ambayo haikatai kamwe, inayotoa jibu kila ikiulizwa, liwe kweli au liwe uongo. Nakuonea huruma, nami nilikuwa na miaka kumi na saba, na masikio yangu pia yaliwahi kuwaka. Lakini ile programu ya kwanza, iliyokataa kufunguka mbele ya watu, ilikuwa na adabu kuliko hii.

Kuhusu kidirisha: uliniuliza kama kuna njia ya kukificha. Mwikali anasema ipo. Sikukuuliza ni ipi, Mwikali, na usimwambie. Kiache kifunguke.

Na Kuluthum usimwandikie barua. Barua ya radhi ni ya mtu aliye Maskati. Kisauni unavuka feri na kwenda. Nenda na disketi yako, mwoneshe ulichofanya, mstari kwa mstari, na jina ulilolifuta ulirudishe wewe mwenyewe yeye akiwa anatazama. Akikasirika, kaa hapo hapo akasirike. Babu yake ukimkuta, msalimie na umsikilize akikucheka, maana huyo mzee, kwa ulivyonieleza, huwacheka watu pale wanapostahili. Mwalimu akikuondolea sifa, hiyo ni haki yake. Lakini usivunje kompyuta, usijifungie chumbani, wala usiache kuchora madirisha, kwa sababu mtu anayeota mchanga wa vitone hakupewa ndoto ile bure.

Anza na Mwalimu. Mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho yake.

BARUA YA PILI KUTOKA LIKONI

Shikamoo Bi Zubeida.

Gazeti lilifika kwetu Ijumaa adhuhuri, likiwa limefungiwa samaki wa kupaka, na nililisoma jikoni nikiwa nimelikunjua juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nilikwenda kwa Mwalimu Gona kabla ya alasiri. Alikuwa anafua. Nikamwambia sentensi ile moja, na akaniuliza nimejuaje, nikamwambia na zilizobaki. Hakunipigia kelele. Alikamua shati, akalianika, akasema, "Kesho asubuhi utabandua karatasi zako zote ukutani, na Jumatatu utasema gwarideni mwenyewe." Nikasema gwarideni Jumatatu. Sauti ilikuwa ndogo lakini waliosimama mbele walisikia, na wao wakawaambia wa nyuma.

Jumapili nilivuka kwenda Kisauni. Kuluthum alitazama kila mstari, hata ule mpya nilioanza kuandika wa kuiita maktaba kwa jina, kisha akauliza, "Mwezi umeuita nazi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na babu je, ungemwita nini?" Nikainuka niondoke. Nilipokuwa navaa viatu, akaniambia, "Kaa kitako. Hivyo unavyoiita maktaba si sawa, umeacha mabano." Tukakaa mpaka magharibi. Nilifuta maandishi yote niliyoyanakili, nikarudisha mistari miwili ya juu, na sasa programu inaiita maktaba kwa jina, kitufe kikibonyezwa.

Ofisini mara ya kwanza iliandika "maktaba haipo", kwa sababu nilitia disketi nyingine. Walicheka. Nikabadilisha disketi. Kidirisha kikafunguka, na Mwalimu Gona akalisoma jina la babu na la Kuluthum kwa sauti.

Safari ikawa Jumamosi ile ile. Tulivuka mkondo saa nne na robo, maji yakiwa chini ya magoti, na mimi niliruhusiwa kwenda kuwabebea kamba. Saa tano na nusu wote walikuwa wamerudi pwani. Saa saba tulikuwa tumekaa mchangani tunakula mihogo ya kuchemsha, na mtu mzima mmoja, mrefu, alikuwa anavuka kurudi kutoka mwambani na kikapu kichwani, maji yamemfika kifuani. Tulimtazama mpaka akatoka. Mwalimu Gona akatazama saa yake, akatuhesabu wote, kisha akatuhesabu tena.

Sasa jina langu unaweza kulitaja.

Mwanatatu Bakari,
Likoni